Kutoka akademi hadi timu ya wakubwa: mwongozo kwa kijana wa Dodoma na Kanda ya Kati

Mechi yangu ya kwanza na watu wazima niliicheza nikiwa na miaka 18. Ilikuwa mwezi wa nane, upepo wa Dodoma unapuliza vumbi kutoka goli moja hadi lingine. Nilipokea pasi katikati ya uwanja, nikaukanyaga mpira ili nigeuke, kama nilivyokuwa nikifanya miaka minne kwenye timu ya vijana na watu wakashangilia. Safari hii sikugeuka. Nilijikuta chini, mpira umeshaondoka, na beki wetu wa kati, baba wa watoto wawili, ananisemesha bila hata kunitazama: "Dogo, huku hatusalimiani na mpira."

Siku hizi nafundisha vijana, na kila msimu namwona mmoja akirudi nyumbani na begi lake baada ya miezi mitatu ya timu ya wakubwa. Karibu wote wana mguu mzuri. Kinachowaangusha ni kwamba walipanda wakidhani wanakwenda kuonyesha kipaji, kumbe huko kinachotazamwa ni kama umeshaamua la kufanya kabla mpira haujakufikia. Na kitu hicho hakijifunzwi mahali pengine ila kwa kucheza na watu wazima, mechi baada ya mechi, hata kama ni kwenye ligi ambayo hakuna kamera. Yote nitakayoandika hapa chini yanazunguka hapo.

Hatua ya kwanza: chagua ngazi utakayocheza, usichague jezi

Juu kabisa kuna Ligi Kuu yenye timu 16. Chini yake kuna Championship, ambayo wazee bado wanaiita daraja la kwanza, kisha First League, kisha Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, halafu ligi za mkoa na wilaya. Pembeni ya ngazi hizo kuna mchangani: bonanza za Chang'ombe, Nkuhungu, Kizota, na mashindano ya diwani au mbunge yenye zawadi ya mbuzi na jezi.

Kijana wa akademi huwa anatazama juu tu. Hapa Dodoma anaiona Dodoma Jiji inaingia Uwanja wa Jamhuri, timu ya halmashauri iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2020/21, naye anasema "mimi ni pale au basi." Ukichukuliwa pale na ukawa unacheza, shukuru Mungu. Lakini ukichukuliwa ili uwe mtu wa 28 katika kikosi cha watu 28, utafanya mazoezi mwaka mzima na utacheza labda dakika arobaini. Mwaka huohuo mwenzako aliyekwenda timu ya First League atakuwa amecheza mechi kumi na tano, amepigwa viwiko, amefunga, amekosea, amesahihishwa. Ukiniuliza nani nimchukue mwakani, sitahitaji kufikiri.

Tazama waliotangulia. Mbwana Samatta alicheza African Lyon kabla ya Simba, na Simba kabla ya TP Mazembe ya Kongo. Dickson Job alikuwa nahodha wa Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, kwenye fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kule Gabon mwaka 2017, lakini hakurukia timu kubwa. Alikomaa na wakubwa wa Mtibwa Sugar, na Yanga wakamchukua mwaka 2021 akiwa tayari anajua kazi.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza kocha anayekutaka lisiwe la pesa. Muulize: "Mwalimu, kwenye nafasi yangu kuna wachezaji wangapi, na nani yuko mbele yangu?" Kocha mkweli atakujibu kwa majina.

Hatua ya pili: miezi sita ya mwili

Tofauti ya kwanza utakayoiona ni uzito wa watu. Beki wa miaka 27 anapokuegemea hatumii nguvu nyingi. Anatumia makalio na mahali anaposimama. Huwezi kumfikia kwa kubeba vyuma wiki mbili kabla ya majaribio. Vijana wanaoingia jimu kwa pupa huishia na mgongo unaouma.

Fanya hivi, mara tatu kwa wiki, nusu saa, nyumbani tu. Kuchuchumaa na kuinuka taratibu, kwanza kwa miguu miwili, baadaye mmoja. Pushapu. Kulala kifudifudi ukijishikilia kwa viwiko, tumbo likiwa limekazwa. Kuruka kwa mguu mmoja na kutua bila goti kuanguka ndani. Na zoezi moja ambalo siliachi kamwe: piga magoti mahali laini, mwenzako akushike vifundo vya miguu, halafu jiachie kwenda mbele polepole kadiri unavyoweza kabla ya kujidaka kwa mikono. Linauma nyuma ya paja siku za mwanzo. Tafiti zimeonyesha kwamba timu zinazolifanya mfululizo hupunguza sana kuchanika kwa misuli ya nyuma ya paja, na hilo ndilo jeraha linalowamaliza mawinga wetu.

Uwanja wetu nao una mambo yake. Kanda ya Kati ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Kuanzia Juni ardhi ni kama sakafu. Njumu zenye meno marefu ya chuma kwenye ardhi ile ni kutafuta maumivu ya kifundo na ugoko. Vaa zenye meno mafupi ya plastiki, mengi. Halafu kumbuka hewa yetu ni kavu na tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka kucheza Dar es Salaam au Tanga, joto lile la unyevu litakushangaza dakika ya 30 hata kama hapa unakimbia kama swala. Anza kunywa maji tangu jana yake.

Chakula: usidanganywe na makopo ya unga yanayouzwa kwenye maduka ya jimu. Kijana anayejenga mwili anahitaji takriban gramu moja na nusu ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani kama gramu 90 kwa mwenye kilo 60. Yai moja lina gramu sita tu, kwa hiyo mayai peke yake yatakufilisi. Maharage, dagaa, maziwa na karanga ndivyo vitakavyokufikisha. Gramu mia za karanga zina protini kama gramu 25. Kule Kongwa Waingereza walianzisha mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947 ukawashinda, lakini wakulima wetu wanazilima mpaka leo, na kilo ya karanga haijawahi kuwa ghali kama kopo lile. Ugali wa uwele na mlenda uache palepale mezani, hauna ubaya wowote.

Lala. Simu ndiyo adui mkubwa wa miguu yako kuliko beki yeyote.

Hatua ya tatu: kichwa, na hapa ndipo penye kazi

Kwenye timu ya vijana unapokea mpira, unautuliza, unainua kichwa, unaona, unaamua. Kwa wakubwa mpangilio huo umegeuzwa: unaona, unaamua, ndipo unapokea. Sekunde uliyokuwa nayo imechukuliwa, na hairudi.

Inafundishika. Mazoezi yangu kwa vijana wanaokaribia kupanda ni haya.

Cheza mpira wa mguso mmoja na miwili kwenye eneo dogo, mita 15 kwa 15, wanne kwa wanne. Kila mtu ageuze shingo kutazama nyuma yake kabla ya kupokea. Mimi husimama pembeni na kuinua vidole. Anayepokea lazima ataje nimeinua vingapi. Wiki ya kwanza wanacheka, wiki ya tatu wanaanza kuona vitu ambavyo hawakuwahi kuviona.

Kisha tafuta watu wazima wa kucheza nao mapema, ukiwa na miaka 16 au 17, mara moja kwa wiki. Makocha wengi wa akademi wanakataza mchangani kwa kuogopa majeraha. Naelewa hofu yao, na kwenye bonanza la fainali lenye mashabiki waliokunywa sitaki kijana wangu aende. Lakini mazoezi ya jioni ya timu ya mtaa, pamoja na mafundi, madereva wa bodaboda na walimu waliowahi kucheza daraja la kwanza, ni darasa ambalo akademi haina. Wale wazee hawakimbii. Wanasimama mahali sahihi, nawe unakimbia mpaka unachoka bila kuugusa mpira. Omba ruhusa kwa kocha wako, mwambie wazi, usiende kwa kujificha.

Na zungumza. Vijana wetu wamelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, jambo jema sebuleni lakini la hatari uwanjani. "Mtu!", "geuka!", "peke yako!", "acha!" hazina shikamoo. Mkongwe hatachukia ukimpigia kelele ya kumwokoa. Atachukia ukinyamaza akanyang'anywa mpira.

Hatua ya nne: karatasi

Ifanye kabla ya majaribio, kwa sababu dirisha la usajili halimsubiri mtu.

Cheti cha kuzaliwa cha RITA, vyeti vya shule, na kitambulisho cha NIDA ukishafikisha miaka 18. Hakikisha jina ni moja, herufi kwa herufi. Nimeona kijana ambaye shule alikuwa Emanuel, kwenye cheti Emmanuel, na jina la tatu lilikuwa la babu upande mmoja na la ukoo upande mwingine. Hati ya kiapo ilimaliza jambo, lakini ilichukua siku, na dirisha likafungwa.

Umri usiuguse. Kuna watu watakushauri upunguze miaka miwili ili uonekane lulu. Mashindano ya chini ya miaka 17 hupima kifundo cha mkono kwa MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, na mifupa haidanganyi. Serengeti Boys wetu wenyewe walikwenda Gabon mwaka 2017 kwa sababu Congo Brazzaville waliondolewa walipoacha kumpeleka mchezaji wao kwenye kipimo hicho. Yaani timu nzima iliumia kwa umri wa mtu mmoja.

Kama uko kidato cha nne, malizia mtihani wa Novemba kwanza. Timu inayokutaka kweli itakutaka na Januari, dirisha dogo la usajili la katikati ya msimu likiwa wazi.

Hatua ya tano: majaribio

Usilipe pesa kufanyiwa majaribio. Anayekuambia "toa laki mbili nikuunganishe" anauza ndoto yako kwako mwenyewe. Nauli na chakula utajigharamia, hilo la kawaida, lakini kiingilio hapana.

Sema nafasi moja. "Nacheza kokote" husikika kama hujui unachocheza. Fika nusu saa kabla, uliza majina ya wale utakaopangwa nao, hasa wa kulia na kushoto kwako, na uyatumie. Dakika kumi za kwanza cheza rahisi: pokea, toa, sogea. Kocha anayewatazama vijana 40 kwa siku hamkumbuki aliyepiga kanzu, yaani kumpitishia mpinzani mpira juu ya kichwa. Anamkumbuka aliyepoteza mpira akageuka na kuufuata mpaka akaurudisha. Ukikosea, hiyo ndiyo nafasi yako ya kuonekana.

Hatua ya sita: mkataba, soma mpaka nukta ya mwisho

Mkataba wangu wa kwanza niliusaini juu ya boneti ya gari, kurasa mbili, jioni, na nakala nikaambiwa nitaletewa. Haikuja. Mwaka uliofuata nilipotaka kuondoka nilionyeshwa karatasi yenye miaka mitatu, wakati mdomoni tulikubaliana mmoja. Sahihi ilikuwa yangu.

Kwa hiyo. Chukua mkataba nyumbani usiku mmoja. Anayekunyima usiku mmoja amekujibu tayari. Msomee mzazi, mwalimu, au mwanasheria kama mnamfahamu. Chini ya miaka 18 mzazi au mlezi ashiriki na asaini, na kanuni za FIFA haziruhusu mkataba wako kuzidi miaka mitatu. Ukishavuka 18 ukomo ni mitano, ila kwa kijana anayeanza, mimi nasema miwili inatosha.

Angalia kwanza nani mwajiri. Kanda yetu imeona mengi: Singida Big Stars ikawa Singida Fountain Gate, kisha Fountain Gate ikahamia Babati, na Ihefu ya Mbarali ikahamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Klabu kubadili jina, mji au mmiliki si kosa, lakini mkataba wako unapaswa kusema wazi ni chombo gani kinachokulipa na kwamba mrithi wake atabeba majukumu hayo. Kisha tazama fedha ya usajili inalipwa lini na kwa awamu ngapi, tarehe ya mshahara, posho za ushindi, nani anagharamia matibabu ukiumia kazini, unalala wapi, na masharti ya kutolewa kwa mkopo. La mkopo kijana hulipuuza, na ndilo linaloweza kukupa mechi.

Mishahara ikichelewa, na itachelewa mahali fulani, usitoroke kambi. Ukitoroka, mvunja mkataba ni wewe. Kanuni za FIFA zinampa mchezaji sababu ya haki ya kuvunja mkataba pale klabu isipolipa kinyume cha makubaliano angalau mishahara ya miezi miwili, lakini sharti aiandikie klabu na kuipa angalau siku 15 ilipe. Kwa maandishi, yenye tarehe, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Baada ya hapo njia ni kamati ya shirikisho la soka, TFF, inayoshughulikia sheria na hadhi za wachezaji.

Wakala awe na leseni ya FIFA; muombe akuonyeshe, usione haya. Na kuhusu akademi yako: fidia ya mafunzo, pale inapostahili, huhesabiwa kwa miaka uliyofunzwa kuanzia 12 hadi 21, na hulipwa na klabu inayokuchukua. Si deni la mama yako. Akademi ikimdai mzazi ili ikuachie, omba wakuandikie dai hilo. Mara nyingi kalamu huwa nzito.

Hatua ya saba: wiki sita za kwanza kambini

Wasalimie wote, mpishi na mtunza vifaa kwanza. Shikamoo kwa wanaostahili, "kaka" kwa wakongwe. Utabebeshwa mipira na koni, zibebe. Utapewa jina la utani usilolipenda. Likubali, ukilikataa litaganda. Ukiagizwa sigara au pombe usiku, hapo kataa kwa adabu.

Utaona pia mambo ya giza, yaani ushirikina: watu wa kamati wakiingia na chupa, timu ikiambiwa ipite geti la nyuma. Usicheke mbele ya watu, usibishane, na usitoe posho yako kuchangia. Funga kamba za njumu, kapashe misuli moto.

Chagua mkongwe mmoja wa nafasi yako na umfuate kama kivuli. Nafasi yake unaitaka, naye anajua, lakini wengi wao hawana roho mbaya kama tunavyosimuliwa. Muulize kitu kimoja kila siku: kwa nini hukupanda pale? Kwa nini uliuacha ule mpira?

Ukiumia sema siku hiyohiyo kwa daktari wa timu. Msuli uliovutika unawekewa barafu, hauchuliwi kwa dawa ya moto. Usikubali sindano ya kuua maumivu ili ucheze. Maumivu yakinyamaza msuli unaendelea kuchanika. Ukigongwa kichwa ukaona giza, siku hiyo mechi imekwisha kwako.

Siku ya kuingia

Pengine itakuwa dakika ya 82, mnaongoza moja bila, kocha anakuita jina la utani. Kabla hujavuka mstari muulize mambo mawili tu: namkaba nani kwenye kona, na mpira tukiupata nautoa upande gani. Mguso wa kwanza uwe pasi fupi kwa aliye karibu. Kama wewe ni winga, kimbia kurudi mara mbili kabla ya kufikiria kwenda mbele mara moja. Faulo usicheze nyuma ya mtu karibu na boksi. Vijana wengi wanaoingia mwishoni hutoa penalti kwa kiherehere.

Ukikaa benchi, au ukiachwa

Ukimaliza nusu msimu hujacheza hata dakika mia, nenda kwa kocha katikati ya wiki, si baada ya kufungwa. Usiulize "kwa nini sipangwi", uliza "nakosea wapi nirekebishe", halafu omba mkopo dirisha dogo. Kushuka ngazi mbili ukacheze Mpwapwa, Kondoa au Manyoni si aibu.

Na ukitemwa mwisho wa msimu, lia siku mbili, ni haki yako. Siku ya tatu nenda ofisini kachukue barua ya kuachiwa yenye sahihi na muhuri, kabla hujapanda basi. Viongozi wakishatawanyika likizo ofisi hufungwa na simu hazipokelewi, na bila karatasi ile timu inayokungoja Agosti inaweza kushindwa kukusajili.